Bukoba na Muleba Kwa Laki na Nusu? Mwamba, Weka na Hesabu ya Waliokulisha

Wadau, tuelewane mapema kabla hamjanishukia kwenye komenti. Sina tatizo na hema. Sina tatizo na mwanaume anayemwambia mpenzi wake "mwezi huu hali ngumu, twende na basi". Sina tatizo hata na tambi za kuchemsha kwenye kijiko cha gesi kando ya barabara. Tatizo langu ni hesabu.

Hiyo video mnaijua. Kama bado haijawafikia, subirini, maana kila msimu wa likizo inatoka nyingine inayofanana nayo kama mapacha. Inaanza na droni juu ya ziwa, muziki laini, halafu maandishi makubwa: SIKU TANO, BUKOBA NA MULEBA, WATU WAWILI, LAKI NA NUSU TU. Mwamba anatokea na kofia, pisi yake kajifunga shuka la kimasai (huko Uhaya, sijui kwa nini), na orodha inashuka. Malazi: sifuri. Maji: sifuri. Kuni: sifuri. Ndizi: sifuri. Usafiri: "tulipewa lifti". Nauli ya kutoka Dar haimo kabisa, yaani zaidi ya kilometa 1,300 zimefutwa kwa sababu "hiyo tulikuwa tunakuja tu". Mwisho anaangalia kamera na kutuhubiria: acheni visingizio, mapenzi hayahitaji hela, yanahitaji ubunifu.

Majina sitaji. Kwanza blogu hii haina bajeti ya wakili. Pili, siyo kapo moja, ni mtindo, na nikimtaja mmoja wengine watajiona wasafi.

Chini ya video kama hizi watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linamcheka dada: "kapelekwa porini kulala na vyura", "mwanaume suruali huyo", "mimi nataka Dubai". Kundi la pili linapiga makofi: "hii ndo tunaita akili", "wife material", "couple goals". Mimi nasema makundi yote mawili yameangalia pasipo.

Hema waachieni

Nianze na wanaocheka. Nani aliwaambia mapenzi lazima yapigwe picha kwenye bwawa la hoteli? Mtu anakopa kwenye programu ya simu akalale usiku mmoja Zanzibar, anarudi na madeni na picha 40, na huyo hamumcheki. Wawili wakichukua hema wakaenda kuiona nchi yao, mnawaita masikini.

Na nchi yenyewe, jamani. Ukitoka Bukoba mjini kwenda kusini, unapita Kemondo yenye bandari yake, unafika Muhutwe, unachepuka kupanda Kamachumu. Huku migomba na mibuni imefunga hadi nyumba huzioni, unaona moshi tu. Unapanda kidogo, migomba inakatika ghafla, nyasi zinafunguka, upepo unakupiga, na chini kule Ziwa Victoria limelala na visiwa vyake. Ukiendelea unateremkia Muleba. Kwa vijana waliozoea foleni ya Mbagala, hiyo ni dawa. Safari ya bei rahisi kwenda huko ni jambo jema na ningependa wengi waende.

Kwa hiyo dada aliyekubali kulala kwenye hema mpeni heshima yake. Sasa turudi kwenye sifuri.

Sifuri ya kwanza: malazi

Mwamba anasema walilala bure kwa sababu "huku ardhi ipo tu, hamna mwenyewe". Hapo ndo nilipoanza kukunja sura.

Wahaya wana aina mbili za ardhi ambazo mgeni anaziona kila siku bila kujua anaona nini. Ya kwanza ni kibanja: shamba la migomba, kahawa na maharage linaloizunguka nyumba. Udongo ule mweusi haukushuka na mvua. Umejengwa kizazi baada ya kizazi kwa samadi na nyasi zilizobebwa kichwani. Na kwenye kibanja ndiko familia huzika watu wake. Unapogonga vigingi vya hema "pembeni ya migomba, pametulia sana", jiulize kwanza kwa nini pametulia.

Ya pili ni rweya, yale majani ya wazi juu ya vilima ambayo droni inayapenda. Mgeni anaona uwanja mtupu. Mwenyeji anaona malisho ya ng'ombe, nyasi za kutandaza shambani na mahali pa kuokotea senene msimu ukifika. Leo wengine wamepanda miti humo. Na kisheria ardhi ya kijiji siyo ya upepo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeiweka chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji. Kuna mwenyekiti, kuna mtendaji, kuna vitongoji. Kupiga hodi kwao hakugharimu kitu. Lakini kwenye video hodi hatuioni, tunaona "tumejipata hapa".

Hebu geuza. Kapo kutoka Muleba ifike Mikocheni, ione kiwanja chenye nyasi nzuri mbele ya nyumba ya mtu, iweke hema, iwashe moto, irekodi video: "Dar ardhi ipo tu." Wangemaliza usiku huo kituoni.

Sifuri ya pili: chakula

Hii ndo inaniuma zaidi. Kuna kipande lazima kiwepo kwenye kila video ya aina hii. Mama wa makamo, kule mtu wa umri wake anaitwa Ma kabla ya jina lake, anatoka na mkungu wa ndizi, au sahani ya matoke na maharage, au kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akamwani. Anacheka, anakataa hela. Mwamba anageukia kamera: "Watu wa huku wakarimu sana, hela hawataki kabisa!" Ting! Chakula: sifuri.

Sikiliza, kaka. Huyo mama hajakataa hela kwa sababu ndizi yake haina thamani. Amekataa kwa sababu umeingia kwake kama mgeni, na mgeni hauziwi chakula. Kahawa ile ni salamu, inakukaribisha kwenye nyumba. Ukipewa salamu, unajibu. Kila Mswahili, kila Mhaya, kila Msukuma anajua inavyojibiwa: sukari kilo, sabuni mche, mafuta, chumvi, hata daftari la mtoto. Unaweka mezani unaondoka, hakuna atakayekutupia. Hilo somo hatukuhitaji kulisoma chuo. Bibi zetu wote walitufundisha usiende kwa watu mikono mitupu.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wamegundua ujanja: wanahama kila baada ya usiku mmoja. Leo Kemondo, kesho Kamachumu, keshokutwa Muleba. Siku ya jembe haiwafikii milele. Na ule msemo mwingine, mgeni njoo mwenyeji apone, wameupindua: wamekuja, wamepona wao.

Msisahau tunazungumzia mkoa gani. Kwenye mitandao Mhaya ni wa kutaniwa, nshomile, ana madigrii na majigambo, basi watu wanadhani kule hela inaota kwenye mibuni. Kwa miaka kadhaa takwimu za pato la kila mtu zimeiweka Kagera miongoni mwa mikoa ya mwisho nchini. Huo mkungu mliopewa ungeuzwa barabarani. Ulikuwa sukari ya wiki, au nauli ya kumpeleka mtoto zahanati.

Na ukarimu ule si wa kuigiza. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, 24 wakatoka hai. Wale wavuvi hawakuuliza nani atalipa mafuta. Watu wa namna hiyo unapowaandika "sifuri" kwenye orodha ya matumizi, unawatukana bila kujua.

Kisu cha kontenti

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo mashabiki hawalioni kabisa, na ndilo kubwa. Mwamba anapenda kisu chake. Kila kambi anakata jani la mgomba la kutandika, jani la sahani, jani la kumpepea mpenzi. Shamba hili leo, shamba lile kesho, kisu kile kile.

Mnyauko wa migomba mmewahi kuusikia? Ni ugonjwa wa bakteria. Jani linageuka njano, linanyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, shina ukilikata linatoa ute wa njano. Hauna dawa. Mgomba ukiugua unang'olewa. Hapa nchini uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, na ulianzia huko huko Kagera, wilaya ya Muleba. Moja ya njia zake kuu za kusafiri ni panga au kisu kilichokata mgomba mgonjwa kikaenda kukata mzima. Ndiyo maana wakulima wamefundishwa kuunguza panga kwenye moto au kulisafisha kwa jiki kabla ya kuhama shina, na kuondoa ua la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya kisu.

Mkulima anajinyima hivyo miaka yote. Halafu anakuja kijana na kisu cha kukunja alichonunua mtandaoni, anapita mashamba matano kwa siku tano, anakata anavyotaka kwa sababu ya video ya sekunde 30. Kama kisu kile kimebeba ugonjwa, bili inakuja miezi ikishapita, na anailipa yule yule mama aliyetoa mkungu. Hiyo iko kwenye laki na nusu? Haipo.

Mnaowaiga mtaumia nyie

Mtu mwingine ambaye hayumo kwenye hesabu ni wewe unayepanga kuiga.

Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar. Upepo unavuka ziwa, unabeba unyevu, unaumwaga kwenye ule ukanda wa magharibi. Hema la bei ya kutupa bila kifuniko cha mvua mwezi wa nne ni bafu. Ukitaka kuweka kambi, nenda kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Video haikuambii hilo kwa sababu walipiga picha asubuhi jua lilipotoka.

Malaria nayo ipo, tena Muleba ina historia nayo. Mbu wa huko walishazoea dawa ya neti za kawaida, ndo maana wilaya hiyo ilichaguliwa kufanyiwa majaribio makubwa ya neti zilizoongezewa kemikali ya PBO. Matokeo yake yalichangia Shirika la Afya Duniani kuzipendekeza mwaka 2017. Yaani dunia imejifunza kujikinga na mbu kutoka Muleba, halafu wewe unaenda Muleba na hema lililotoboka zipu. Na lile pozi la kuogelea kwenye maji ya kina kifupi yenye majani? Kichocho kinakaa hapo hapo, na konokono wake.

Halafu mapango. Kuna wanaoingia mapangoni na tochi "kutafuta popo". Nitasema polepole. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini. Watu 9 waliugua, 6 wakafa, ukatangazwa kuisha tarehe 2 Juni. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo, mkoa ule ule. Wagonjwa 10, waliothibitishwa na waliodhaniwa, na wote walifariki. Ukaisha mwezi Machi. Virusi vyake hubebwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Mwaka 2008 mtalii mmoja kutoka Uholanzi aliingia pango la popo huko Maramagambo, Uganda, akarudi kwao, akafa kwa Marburg. Sisemi Kagera haiendeki, inaendeka vizuri tu. Nasema pango la popo siyo studio.

Na kwenye maji, kama kuna mtu anakupeleka Musira kwa mtumbwi wa nusu bei bila maboya, bakisha hela yako na maisha yako. Mkoa uliopoteza watu wengi MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 hauna utani na hilo.

Na dada naye hayumo

Turudi kwenye mapenzi, maana najua ndo mlichofuata hapa.

Angalieni tena video za aina hii, safari hii zima sauti. Nani anapika? Dada. Nani anaosha sufuria ziwani? Dada. Nani anashika kamera mwamba akipanda kilima kifua mbele? Dada. Nani anatumwa kwenda kuomba maji kwa wenyeji "kwa sababu wewe watakuonea huruma"? Dada. Halafu kwenye maelezo: "Jinsi nilivyomtoa mpenzi wangu out kwa laki na nusu." Ulimtoa au alikubeba?

Ukishazoea kuandika sifuri kwenye jasho la mama wa kijijini, haikupi shida kuandika sifuri kwenye jasho la mtu unayelala naye hema moja. Ni tabia ile ile. Dada zangu, mwanaume anayejisifu kwamba safari nzima hakumlipa mtu yeyote, kaeni mkao wa kujiuliza atawafanyia nini nyie siku mkiwa hamna cha kutoa.

Tena siyo kwamba hakuna hela inayoingia. Inaingia. Watazamaji wanapanda, tangazo la hema linakuja, la begi linafuata, la bando nalo. Mkungu wa bure umegeuka mtaji. Kwa nini faida iwe na jina lako na gharama zisiwe na jina la mtu?

"Lakini wanatangaza mkoa!"

Najua hili litakuja, tena na Wahaya wenyewe wa Sinza watalisema kwa nguvu: utalii wa ndani, acheni wivu, wanatutangazia nyumbani.

Sawa. Kutangaza ni nini? Ukitangaza mgahawa unasema uko wapi na sahani bei gani. Ukitangaza bodaboda unasema wanapatikana stendi ipi. Video inayosema "huku kila kitu bure" haitangazi mkoa, inaualika ukapakuliwe. Atakayekuja baada ya video hiyo atafika Kamachumu akidai ndizi za bure, ataambiwa bei, atakasirika, ataandika "Wahaya wamebadilika, wanapenda hela". Hapo mkoa utakuwa umetangazwa kweli kweli.

Kutangaza kupo, na ni rahisi. Pale Maruku kuna Katuruka, eneo lenye mabaki ya kale ya ufuaji wa chuma. Fika, lipa kiingilio, msikilize mwenyeji akueleze, rekodi. Kula kwa mama lishe wa Muleba mjini, mwonyeshe akicheka na bei yake imeandikwa ukutani. Nunua senene kwa anayeuza, usiombe "za kuonja" hadi ushibe. Kodi bodaboda wa hapo hapo kwa siku nzima akupandishe vilimani, anajua njia kuliko ramani yako.

Mkitaka kuweka hema, anzieni kwa mwenyekiti wa kijiji, mjitambulishe, muulize pa kulala, mtoe chochote kwa mwenye eneo. Kisu kibaki mfukoni ukiwa shambani. Takataka zirudi nanyi. Picha ya mtu iombwe kabla, siyo baada. Mkifanya yote hayo laki na nusu itakuwa laki mbili na nusu, labda tatu. Bado itakuwa rahisi kuliko usiku mmoja wa kujionyesha hotelini, na bado mtakuwa na ziwa, vilima na usingizi mtamu wa baridi ya Kamachumu.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwamba wa msimu huu, na yule wa msimu ujao ambaye tayari anachaji droni, ni dogo tu. Kabla hujaandika sifuri, andika jina la kazi ya aliyeilipa: mkulima, mvuvi, dereva wa lori, mpenzi wangu. Ukiona orodha imekuwa ndefu kuliko video, utakuwa umeanza kuelewa safari yako iligharimu nini.

Haya, uwanja wenu. Waliowahi kulala Kamachumu kwenye hema semeni mlilipa nini na mlimlipa nani. Na wale mnaotokea Muleba, tuambieni ukweli: wageni wa aina hii wakishaondoka, nyumbani huwa mnasemaje?